MAISHA NDANI YA MELI VITA: MWANAMAJI ANALALA WAPI, ANAKULA NINI, NA AKICHOKA ANACHEZA NINI?

Najua mtu akisikia mada hii inatoka Soitsambu atacheka. Huku kwetu bahari hatuna, na kiangazi hata maji ya kunywa yanafuatwa mbali na punda. Sasa habari za wanamaji zimetoka wapi tena?

Ni hivi. Mdogo wangu amemaliza form four kama mimi nilivyomaliza, na ameapa kwamba anataka kwenda JKT, halafu Mungu akipenda aingie jeshini. Tena sio jeshi la nchi kavu. Anataka majini! Ugonjwa huu aliupata mwaka 2011, kipindi kile cha kikombe cha Babu kule Samunge. Wanaokumbuka wanajua, magari ya kutoka Mara na Kenya yalikuwa yanapita hapa kwetu usiku na mchana. Gari moja likavunjika springi karibu na boma letu na abiria wakalala siku mbili. Mmoja wao alikuwa mzee mstaafu wa jeshi la majini. Sisi tulikuwa watoto wadogo kabisa. Akatufundisha fundo moja la kamba, kitanzi ambacho hakijikazi wala hakijifungui. Mpaka leo mdogo wangu anafungia ndama kwa fundo hilo hilo, kwa sababu haliwakabi shingo.

Sasa yeyo wetu aliposikia habari hii hakupiga kelele. Aliuliza maswali manne tu: Atalala wapi? Atakula nini? Usiku nani anakesha? Na akichoka, atacheza nini na nani? Mimi msomi wa familia nikabaki natoa macho. Basi nikashuka Wasso kwenye kafe, nikasoma siku kadhaa, na nikaongea na jamaa wawili waliowahi kufanya kazi melini. Majibu ndio haya. Siri ya jeshi humu hakuna, kwa hiyo msiogope kusoma.

KWANZA TUJUE MELI ZENYEWE

JWTZ liliundwa Septemba 1, 1964. Tawi lake la majini linaitwa Kamandi ya Wanamaji na makao yake yapo Kigamboni, Dar es Salaam, kwenye kambi iliyojengwa kwa msaada wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2015 Rais Kikwete alizindua meli vita mbili zilizotoka China, moja inaitwa Mwitongo na nyingine Msoga. Mwitongo ni pale nyumbani kwa Mwalimu, Butiama. Msoga ni kwao Kikwete mwenyewe. Kwa hiyo vijiji viwili vya nchi kavu vinaelea baharini. Nani kasema wa bara hatuhusiki?

Majirani zetu Kenya jeshi lao la majini lilianza Desemba 15, 1964, na kambi kubwa ipo Mtongwe, Mombasa. Majina ya meli zao yanaanza na KNS, kama KNS Jasiri iliyofika nyumbani mwaka 2012. Mwaka huo huo, Septemba, wanamaji wa Kenya walikuwemo kwenye kuuchukua mji wa Kismayo kule Somalia.

Lakini vita ni siku chache sana. Pwani ya Tanzania bara na visiwa ina urefu wa kilomita kama 1,424, na kazi ya kila siku ni kuizungukia: kukamata wanaovua kwa baruti, magendo, madawa ya kulevya, maharamia, na kuokoa watu chombo kikizama. Mwanamaji anaweza kumaliza mwaka mzima hajapiga risasi hata moja isipokuwa ya mazoezi. Shika hilo kichwani, maana mambo mengine yote yanaanzia hapo.

ATALALA WAPI?

Waliosoma bweni wameshapata nusu ya jibu. Ni deka, tena nyembamba, na kwenye meli nyingi zinapanda tatu, mtu juu ya mtu. Kila kitanda kina pazia. Hilo pazia ndio nyumba yako, ndio mlango wako, ndio faragha yako yote. Vitu vyako vinaingia kwenye kabati dogo au chini ya godoro, vingine acha nyumbani. Zamani walilala kwenye machela za turubai zinazoning'inia darini, asubuhi unaikunja unaiweka pembeni ili sehemu hiyo hiyo muilie chakula.

Kwenye nyambizi, yaani meli zinazopita chini ya maji, nafasi ni ndogo mpaka wakati mwingine watu wawili wanagawana kitanda kimoja. Huyu akienda zamu, yule analala. Anakuta shuka bado ina joto la mwenzake. Utachagua mwenyewe!

Na kelele hazizimi. Injini inaunguruma usiku kucha, feni za hewa zinavuma, mtu anapita na buti. Jamaa mmoja aliniambia kitu kilichonishangaza: baada ya mwezi unazoea, na injini ikizima ghafla ndio unashtuka usingizini. Kimya ndio hatari.

Halafu maji. Umezungukwa na maji pande zote na bado maji ya kuoga ni ya kupimiwa! Meli kubwa zina mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, lakini inakula nguvu na haitoshi kuchezea. Ndio maana mabaharia wana staili yao ya kuoga: unajilowesha, unafunga bomba, unapaka sabuni, unafungua unajisuuza, unatoka. Dakika mbili tatu biashara imekwisha. Hapa yeyo alitabasamu. Kwa mtu aliyekulia kwenye maji ya punda, hiyo sio adhabu.

ATAKULA NINI?

Anakula vizuri, kwa kweli. Kwenye meli chakula ndio furaha ya siku, na makamanda wanajua mpishi mbaya anaharibu meli nzima. Siku za kwanza kuna mboga mbichi na matunda. Safari ikirefuka yanabaki ya kwenye friji kubwa, ya makopo, mchele, unga na maharage. Ukijua hilo unaelewa kwa nini mabaharia wa zamani walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, hadi walipogundua dawa ni machungwa na ndimu.

Wajapani wana utaratibu mtamu: kwenye meli zao za jeshi kila Ijumaa ni wali kwa mchuzi wa karii. Baharini siku zinafanana, hakuna soko wala gulio la kukukumbusha, kwa hiyo karii ikija mtu anajua leo Ijumaa.

Pombe je? Inategemea nchi. Wamarekani waliipiga marufuku kwenye meli zao za kivita Julai 1, 1914. Waingereza ndio walikuwa na mambo: kila baharia alipewa kipimo chake cha ramu kila siku, kwa zaidi ya miaka mia mbili, hadi Julai 31, 1970 walipofuta. Inasemekana siku hiyo wengine walivaa vitambaa vyeusi mkononi kama wamefiwa.

Ila wadau, chakula kizuri sio kitu kama hakikai tumboni. Kichefuchefu cha bahari hakina mbabe. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, bahari yetu inachafuka, na hata mwanamaji wa miaka kumi anaweza kutapika. Wanachofanya ni kula kidogo kidogo vitu vikavu, kuangalia mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na kuendelea na kazi. Kuumwa bahari sio ruhusa ya kukosa zamu.

USIKU NANI ANAKESHA?

Hapa ndipo penyewe. Meli hailali. Siku nzima inakatwa vipande vya zamu, na utaratibu wa zamani unaotumika mpaka leo kwenye meli nyingi ni huu:

- Saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri
- Saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi
- Saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana
- Saa 6 mchana hadi saa 10 jioni
- Saa 10 hadi saa 12 jioni
- Saa 12 jioni hadi saa 2 usiku
- Saa 2 usiku hadi saa 6 usiku

Umeona zile mbili za jioni ni fupi, saa mbili mbili? Waingereza wanaziita zamu za mbwa. Sio bahati mbaya. Kama zote zingekuwa za saa nne zingekuwa sita kwa siku, na makundi mawili au matatu yakipokezana, kundi lile lile lingeangukia saa sita usiku milele. Kwa kuzikata hizo mbili zinakuwa saba, namba isiyogawanyika, kwa hiyo kila siku zamu inasogea na mateso yanagawanywa sawa. Hesabu za form two hizo!

Kwenye zamu mmoja anashika usukani, mwingine anaangalia rada, wengine wapo nje na darubini, wengine chini kwenye injini kwenye joto la kufa mtu. Kila nusu saa kengele inapigwa, inaongezwa moja moja hadi zikifika nane zamu imekwisha. Unaangalia giza saa nne, na mara nyingi huoni kitu.

Sasa kwa nini usisinzie? Nawapa mfano wa hapa hapa kwetu. Septemba 20, 1914, manowari ya Uingereza inaitwa Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar, mashine zake zinatengenezwa. Alfajiri ikatokea manowari ya Mjerumani, Königsberg, ikafungua mizinga. Pegasus haikuwa na pa kukimbilia na ikazama siku hiyo hiyo. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yapo mpaka leo kwenye kisiwa cha Chapwani, karibu na Mji Mkongwe. Adui hasubiri mmalize matengenezo.

Tena sio adui tu. Moto ndio unaogopwa kuliko yote. Mwaka 2020, Julai, meli kubwa ya Marekani Bonhomme Richard iliwaka moto siku nne ikiwa imefungwa bandarini San Diego, na mwisho ikawa chuma chakavu. Kama bandarini ni hivyo, katikati ya bahari utamwita zimamoto gani? Wewe ndio zimamoto. Ndio maana wanafanya mazoezi ya moto kila mara, hata usiku wa manane.

MCHANA JE?

Usidhani mtu akitoka zamu anaenda kulala. Asubuhi ni usafi, chai, paredi, halafu kazi za meli. Adui mkubwa wa kila siku ni kutu. Chumvi inakula chuma, kwa hiyo mwanamaji mpya anakwangua kutu, anapaka rangi, anakwangua tena. Kuna kudeki, kupakulia, kuosha masufuria, kukagua silaha, kupaka grisi. Kijana anayetaka majini kwa sababu ya sinema ajue kwamba atashika brashi mara nyingi kuliko bunduki.

AKICHOKA ATACHEZA NINI NA NANI?

Swali hili nililidharau, nikaona la kitoto. Kumbe yeyo aligusa penyewe. Majeshi yote ya majini yanajua kwamba watu waliofungiwa kwenye chuma wiki nyingi bila mchezo wanagombana, na wakigombana zamu inaharibika.

Karata ndio mfalme wa michezo melini. Kuna drafti, dhumna na chess. Waingereza wana mchezo wao unaitwa uckers, ni ndugu wa ludo yetu kabisa, na ubishi wake ni ule ule. Bao linaingia vizuri tu, na huku kwetu wazee wanaolicheza kwa jina la enkeshui wangetoka na ubingwa.

Mazoezi ni lazima: kukimbia kuzunguka deki, kunyanyua vyuma, kuvuta kamba. Meli yenye uwanja wa helikopta, jioni uwanja unageuka wa mpira, na mpira ukidondoka baharini ndio basi tena. Wanamaji wa India wanafanya yoga juu ya deki. Kwa taarifa yenu, Aprili 2025 India ilipeleka safarini meli yake INS Sunayna ikiwa na wanamaji 44 wa nchi tisa rafiki, Tanzania na Kenya zikiwemo, wote wakiishi na kushika zamu pamoja na Wahindi. Ikatia nanga Dar es Salaam mwezi huo huo. Fikiria Mbongo, Mkenya, Mhindi na Mkomoro meza moja. Hapo unajifunza lugha bure.

Uvuvi! Meli ikisimama, na kamanda akiruhusu, mishipi inashushwa nyuma na usiku watu wanakula samaki wabichi. Wengine wanasoma vitabu, wengine wanapiga gitaa, kuna fundi wa kunyoa wenzake, kuna anayesomea cheti. Zamani mabaharia walichonga mifupa, walijichora tatuu na kusuka kamba kwa mafundo ya mapambo. Fundo la ndama wetu limetoka huko huko.

Na kuna sherehe moja ya vichekesho. Meli ikivuka mstari wa Ikweta, waliovuka zamani wanawabatiza wageni: mmoja anavaa ndevu za bandia anajiita mfalme wa bahari, wageni wanapakwa uchafu na kumwagiwa maji. Ikweta baharini kwetu inapita jirani kabisa na Kismayo, kwa hiyo meli ya kutoka Mombasa kwenda Mogadishu inaivuka.

Simu je, maana najua wengi wa kafe mnauliza hilo? Sahau. Mtandao ni wa shida na simu inaweza kuonyesha mlipo. Januari 2025 gazeti la Le Monde la Ufaransa lilionyesha jinsi mabaharia wa nyambizi za nyuklia walivyojianika kwa programu ya kukimbia ya Strava. Walikuwa wanafanya mazoezi tu, lakini mtu akifuatilia siku ambazo hawaonekani anajua nyambizi imetoka.

MELI ILIYOKAA MSITUNI

Anayetaka kujua kusubiri kunafananaje amuulize huyo huyo Königsberg. Baada ya kuipiga Pegasus, mashine zake ziliharibika ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Vipande vya mashine vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, na waliokokota ni Waafrika wenzetu. Vilirudi vimepona, lakini Waingereza walikuwa wameshaziba milango ya kutokea.

Mabaharia zaidi ya 300 wakabaki mle kwenye mikoko, joto, mbu na malaria, miezi na miezi. Inasimuliwa kwamba Waingereza waliwatumia salamu za sikukuu kwamba wanatamani kuwaona, na Mjerumani akajibu karibuni, mimi nipo nyumbani siku zote. Mwisho ulikuwa Julai 11, 1915. Wenyewe waliibomoa meli yao baada ya kupigwa vibaya, wakaokoa mizinga yake kumi wakaenda kupigana nchi kavu. Mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa.

Mapigano yao yote ukiyajumlisha ni siku chache. Kusubiri ndio kulikuwa miezi.

KWA WANAOTAKA KUJARIBU

Njia inayojulikana kwa wengi ni kupitia JKT, na nafasi zinatangazwa hadharani. Fizikia na hesabu zinasaidia, maana melini kuna injini, umeme na rada. Kuogelea unafundishwa, ila anza kujifunza mapema.

Na hapa nawaomba msikilize. Mwezi uliopita mtu asiyejulikana alimpigia mdogo wangu, akamwambia nafasi ya majini ipo, tuma hela. Yeyo alikuwa ameshachagua ndume wa kupeleka mnadani! Tulinusurika kwa sababu mzee mmoja jirani alituuliza swali moja: huyo mtu umeuona uso wake? Nafasi za jeshi haziuzwi. Anayeuza ni tapeli, hata kama anajua namba ya mtihani wako.

YEYO KASEMAJE?

Jioni niliketi naye nikamsomea haya yote kwa Kimaasai. Zamu za usiku, maji ya kupima, kuangalia giza saa nne kama kuna kitu kinakuja, kuishi na watu wale wale bila kugombana, kucheza bao ukingoje muda upite. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe ni kuchunga. Sema ng'ombe ni mmoja, mkubwa, na hali majani."

Ndume amerudi zizini. Mdogo wangu anasubiri tangazo la kweli, na mimi nimeshaanza kuona boma litakavyokuwa kimya akiondoka. Sijamwambia hilo.

Wadau mliowahi kukaa melini, au wenye ndugu majini, nirekebisheni nilipokosea. Na kama yupo anayejua sehemu ya kujifunza kuogelea karibu na Karatu, tafadhali atuambie. Huku kwetu kuna majosho tu, na hayo ni ya mifugo.

Naomba kuwasilisha.